Mvua ya jukwaani huanza masikioni

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walezi wa klabu za drama za shule za sekondari. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Walimu wenzangu, walezi wa drama, na ninyi vijana wa kikosi cha jukwaa mlioketi nyuma kama kawaida yenu: hamjambo?

Nianze na swali. Ni usiku, mmelala, nyumba ni ya mabati. Mnajuaje kwamba mvua imeanza? Kuna yeyote hapa anayetoka nje kuchungulia maji? Hakuna. Tone la kwanza linagonga bati. Kimya. La pili. Kimya. Kisha matatu kwa mpigo, na mama chumba cha pili anaanza kuuliza nani ameanua nguo. Mvua imeshaingia ndani ya nyumba, na hakuna aliyelowa.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Mwandishi wa mchezo anaandika maneno mawili tu, "Mvua inanyesha", halafu anakwenda zake kulala. Klabu ndiyo inayokesha nayo. Na wazo la kwanza huwa ni lile lile: maji. Mpira, ndoo, mtu juu ya ngazi. Mimi nawaomba leo maji yawe ya mwisho. Kwanza sikio. Kisha mwanga. Kisha mwili wa mwigizaji. Maji yaje baadaye, na yakija yaje kidogo. Mvua iliyosadikika bila tone hata moja unaweza kuiongezea tone. Isiyosadikika, hata uilete na tangi la lita elfu, watazamaji wataona bomba.

Tuanze na sikio, na hapa nitakaa, maana ndipo penye faida kubwa kwa pesa kidogo.

Wengi hufanyaje? Mtu anapakua sauti ya mvua kwenye simu, anaichomeka kwenye spika za ukumbi. Inasikikaje? Inasikika kama mtu anakaanga samaki nyuma ya pazia! Na si kosa la simu peke yake. Mvua ni maelfu ya migongano midogo inayotoka kila upande. Ukiiminya ipite kwenye spika mbili zilizosimama pembeni mwa jukwaa, besi inapotea, umbali unapotea, unabaki na "shshsh". Ikiwa ni lazima mtumie rekodi, toeni spika mbele, iwekeni nyuma ya seti ikielekea ukutani au darini ili sauti iruke kabla ya kufika kwa watu, mpunguze zile sauti kali za juu, kisha juu ya rekodi hiyo muongeze matone ya mkono. Sikio likishikwa na tone moja la kweli, litaisamehe rekodi yote.

Matone ya mkono ni yapi? Ndugu zetu wa Pwani wanayo tayari: kayamba. Matete yaliyofungwa bapa, mbegu ndani. Ukilitikisa ni ngoma. Ukiliinamisha polepole, mbegu zikitambaa toka ukingo mmoja hadi mwingine, ni mvua inayokuja kutoka ng'ambo ya bonde. Makayamba mawili na watoto wawili wenye subira yanatosha kwa eneo zima, yaani sehemu nzima ya mchezo.

Msipokuwa na kayamba, tengenezeni sanduku la mvua. Mbao tatu za urefu wa mita 1.5 na upana wa sentimita 15, na upande wa nne pigeni bati badala ya mbao, maana bati ndilo litakalosema kwa lafudhi ya kwetu. Kabla ya kulifunga, pigilieni misumari ya inchi 3 itokeze ndani, mmoja kila sentimita 10, ikipishana. Nasema tena: ikipishana. Misumari ikikaa kwenye mstari mmoja, mbegu hupata barabara, zikateleza zote kwa pamoja, mkasikia gunia linamwagwa. Ndani tieni nusu kilo ya choroko. Mchele hutoa manyunyu, choroko hutoa mvua ya kawaida, mahindi makavu yanakaribia mvua ya mawe. Mkizidisha kipimo mvua haiongezeki. Mbegu zinagandamana na sauti inakuwa nzito. Zikipata unyevu zinafifia, kwa hiyo zianikeni juani asubuhi ya onyesho.

Lining'inizeni sanduku kwa kamba katikati yake kama mizani, mtoto mmoja aliinamishe taratibu. Lina aibu moja: mbegu zikifika mwisho lazima ligeuzwe, na kila likigeuzwa mvua inakata pumzi. Ndiyo maana mnahitaji masanduku mawili. La kwanza likikaribia kwisha, la pili linaanza.

Na ngurumo? Sikilizeni wazee wa kazi hii walivyofanya. Ukumbi wa Theatre Royal wa Bristol, Uingereza, ulifunguliwa mwaka 1766. Juu ya dari kuna mifereji ya mbao, na ndani ya mifereji hiyo waliviringisha mipira ya chuma. Mwaka huo huo, huko Drottningholm, Uswidi, ukajengwa ukumbi ambao ngurumo yake ni sanduku la mbao lenye mawe, linaloinamishwa kwa kamba. Mmeona walichokubaliana bila kuonana? Ngurumo itoke juu. Isitoke pembeni, isitoke mbele. Watu walihisi mbao za jengo zikitetemeka juu ya vichwa vyao.

Sisi hatuna dari ya kuviringishia mipira ya chuma, na mwalimu mkuu hatatoa ruhusa. Tuna bati. Lakini si bati la kuezekea! Yale mawimbi yanaliimarisha, kwa hiyo litapiga makelele bila kunguruma. Tafuteni bati bapa, mlikate upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 2 au zaidi. Ukingo wa juu ubaneni kati ya vipande viwili vya ubao kwa skrubu, la sivyo kamba itachana bati kwenye matundu yake baada ya mazoezi matatu. Ukingo wa chini fungeni kipande cha mti kiwe mpini. Pembe za bati hukata kama wembe, anayelipiga avae glavu. Kisha mfundisheni huyo mpigaji kwamba ngurumo haianzi kwa kishindo tu. Autikise mpini kidogo, aongeze, aachie, aliache bati lijinyamazie lenyewe. Anayelishika ili kulinyamazisha ameua ngurumo.

Kuna hadithi ya mwaka 1709 ya mwandishi wa London, John Dennis. Alibuni namna mpya ya kupiga ngurumo kwa mchezo wake katika ukumbi wa Drury Lane. Mchezo ukaondolewa upesi kwa kukosa watu. Siku chache baadaye, inasimuliwa, aliketi humo humo kutazama mchezo wa mwingine, akasikia ngurumo yake mwenyewe ikinguruma kwa ajili ya wenzake, akainuka kwa hasira kulalamika kwamba wameiba ngurumo yake. Kwa hiyo mkisikia ngurumo nzuri ya shule jirani, igeni. Ila mkaombe kwanza.

Jambo la mwisho la sauti, ambalo ndilo huangusha michezo mingi: kipimo. Mvua ikinyesha juu ya bati darasani, mwalimu anafanya nini? Ananyamaza, kwa sababu hasikiki. Mtazamaji anajua hivyo. Basi ipigeni mvua kwa nguvu sekunde kumi na mbili hivi kabla ya mtu yeyote kusema, watu waamini. Kisha ishusheni mpaka aliyeketi mstari wa mwisho asikie mnong'ono. Waigizaji wakinyamaza, mvua ipande. Wakisema, ishuke. Hakuna mtazamaji atakayeuliza kwa nini. Lakini mvua iliyobaki pale pale dakika kumi, hata iwe nzuri namna gani, sikio huizoea na kuacha kuisikia.

Sasa mwanga. Hapa nitapita haraka, maana kanuni ni moja.

Usiku wa mvua, ukisimama barabarani, unaiona wapi? Kwenye taa ya barabara. Pembeni, gizani, mvua ni ile ile na huioni. Kwa nini? Maji ni angavu. Taa ikiyapiga kutoka upande wako, mwanga unapita na kwenda zake. Ikiyapiga kutoka nyuma au ubavuni, na nyuma yake pawe peusi, kila tone linawaka. Kwa hiyo taa ya mvua ikae nyuma ya mvua, juu, ikiwa na kofia ili isiwachome watazamaji macho. Ukuta wa nyuma uwe kitambaa cheusi. Na taa za mbele zisiguse sehemu hiyo. Shule inaweza kumwaga mapipa mawili ya maji mbele ya pazia jeupe chini ya taa za mbele, na mstari wa tatu wasijue kunanyesha.

Na kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotupa mvua kavu. Chukueni mshipi wa kuvulia samaki, unene wa milimita 0.4 au 0.5. Kwa dirisha la upana wa mita 1.2, fungeni nyuzi 24 kwenye ufito, kila mmoja wa mita 1.5, chini yake nati ndogo ya kuunyoosha. Fanyeni ufito wa pili nyuma ya wa kwanza, sentimita 20. Jumla ni mita 72, roli moja ya mita 100 inatosha na inabaki. Taa kutoka nyuma, mtu autikise ufito kidogo kidogo, nyuzi zinameta na kupotea, zinameta na kupotea. Wapi hukosewa? Kwenye nafasi. Mkizipanga sawa sawa kila sentimita 5 mtapata lile pazia la shanga la mlangoni kwa kinyozi. Ziwe tatu hapa, saba pale, nne.

Radi: pigeni mwako mfupi mara mbili, giza, halafu ngurumo. Si pamoja! Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu za kungoja ni kilomita moja. Mkitaka dhoruba isogee, ngurumo ya kwanza ije baada ya sekunde sita, ya pili baada ya tatu, ya mwisho ikaribie kugongana na mwako. Watazamaji hawatahesabu, lakini mabega yao yatajua. Na tafadhali: miako isizidi mitatu kwa sekunde moja, na watu watangaziwe mlangoni kwamba kuna taa za kumweka, kwa ajili ya wenye kifafa.

Sasa mwili. Tuseme msichana anaingia jukwaani katoka sokoni, kanyeshewa. Kwa kawaida anafanyiwa nini nyuma ya pazia? Ndoo moja, chwaa! Anaingia akiwa amelowa sawa kutoka utosini hadi nyayoni. Huyo hakutoka kwenye mvua, huyo ametoka mtoni.

Tazameni mvua inavyomlowesha mtu. Inaanza utosini na mabegani. Inashuka kifuani na mgongoni kwa michirizi. Chini, kutoka magotini kwenda kwenye nyayo, kuna maji mengine kabisa, yale ya kurushwa na barabara, na hayo yana matope. Kwapani pakavu. Kiunoni, mahali alipobana mkoba, pakavu. Alipofunika kichwa kwa kanga au kwa mfuko wa nailoni, nywele za juu kavu, za kisogoni zimelowa. Kwa hiyo chukueni sifongo, si ndoo. Mabega, utosi, pindo. Mkiacha alama kavu ya mkoba, aliye mstari wa mbele ataamini mvua nzima kwa sababu ya hiyo alama.

Maji ya kawaida hukauka upesi chini ya taa. Kwa matone yanayotakiwa kubaki usoni na kwenye mwavuli, changanyeni gliserini ya duka la dawa na maji, nusu kwa nusu, mpulizie kwa chupa ya kunyunyizia. Tone linakaa, linameta. Isifike viganjani wala nyayoni, inateleza vibaya, na macho yafumbwe. Kitambaa cha pamba, khaki au buluu huiva rangi kikilowa na huonekana kutoka mbali. Cha nailoni maji yanateleza tu. Shati jeupe la shule msilitie maji. Linaonyesha mwili, na hatuwezi kumpandisha binti ya mtu jukwaani katika hali hiyo kwa sababu ya mvua ya kuigiza. Avae sweta.

Mengine ni kazi ya mwigizaji mwenyewe: kukung'uta mwavuli nje ya mlango kabla ya kuufunga, kukamua pindo la leso, kuinua sauti kidogo kushindana na bati hata kama ninyi mmeshaishusha. Na kutazama juu. Mwigizaji asipotazama juu hata mara moja, mvua yenu ni ya uongo.

Haya, maji. Nilijua mnangoja.

Kabla hatujafungua koki, kumbukeni Globe, ukumbi wa akina Shakespeare pale London. Tarehe 29 Juni 1613, katikati ya onyesho, walifyatua mizinga ili kumpamba mfalme anayeingia jukwaani. Cheche ikatua kwenye paa la nyasi. Watu wakaendelea kutazama mchezo, moshi wakaudharau, na ukumbi mzima ukateketea. Mtu mmoja suruali yake ilishika moto, akaizima kwa chupa ya pombe. Wao walichezea moto. Sisi tunataka kuchezea maji palipo na nyaya za umeme. Nani kati yetu amekagua hizo nyaya?

Basi anzeni na maji madogo kuliko yote: paa linalovuja. Nunueni duka la dawa mpira wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kurekebisha kasi. Uunganisheni na chupa ya maji juu ya seti, urefu wa mita 2 kutoka kwenye sufuria tupu iliyowekwa sakafuni. Mpira wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja. Mkirekebisha matone 30 kwa dakika, eneo la dakika ishirini litakula mililita 30. Vijiko viwili vya chakula! Mwanzoni sufuria inalia "ting". Maji yakitanda chini inabadilika, "tung". Mama anaisogeza kwa mguu bila kuitazama, kwa sababu inavuja hapo kila masika. Eneo lote la umaskini na mvua limeshaelezwa, na sakafu haijalowa.

Mkitaka zaidi, mvua inyeshe nje ya dirisha la seti. Bomba la plastiki la nusu inchi, urefu wa mita 1.2, likae juu ya dirisha kwa nyuma, ncha moja imezibwa. Matundu 12 ya milimita 1.5, yakitazama chini. Chini ya bomba, sentimita 20, tandazeni wavu wa mbu wa dirishani uliokunjwa mara mbili. Bila wavu mtapata nyuzi 12 za maji zilizonyooka kama bafu la bweni. Wavu unazivunja ziwe matone. Maji yatoke, kwa mpira, kwenye jerikeni ya lita 20 iliyo mita 1 juu ya bomba. Kwa kimo hicho matundu yatakunywa karibu lita 3.5 kwa dakika, kwa hiyo mna dakika tano. Eneo gani la shule linahitaji zaidi?

Koki iwe karibu na bomba, si karibu na jerikeni, ili mkifunga mvua isimame. Itaendelea kudondoka kidogo kwa muda; hilo msilirekebishe, ndivyo paa linavyofanya mvua ikikatika. Toboeni tundu la hewa juu ya jerikeni, vinginevyo itagugumia mara mbili tatu kisha inyamaze katikati ya mazungumzo. Fungeni kitambaa chepesi mdomoni mwa mpira, maana chembe moja ya mchanga inaziba tundu. Na jerikeni hiyo ni kilo 20 juu ya vichwa vya watoto. Ijengewe rafu, ifungwe kamba. Si kiti juu ya meza.

Wapo watakaotaka kutanua bomba liwe mita 4 na matundu 40. Hayo ni karibu lita 12 kwa dakika, na hapo mpira wa nusu inchi hauwezi: msuguano ndani yake unakula kimo chote kabla maji hayajafika, mvua inanyesha upande mmoja na ukame upande wa pili. Tumieni wa inchi moja. Lakini kweli mnaihitaji?

Chini ya dirisha tegeni gata la paa, limwage kwenye beseni la lita 30, na ndani ya gata tandikeni gunia, kwa sababu maji yakianguka kwenye plastiki tupu hupiga kelele kuliko mvua. Turubai likae chini ya gunia, kamwe lisiwe juu; turubai lililolowa ni barafu. Nyaya zipite juu, zisilale sakafuni, na zinaposhuka kwenye soketi ziachiwe kitanzi kinachoning'inia chini ya soketi ili tone lidondokee hapo lisiingie ndani. Taa zikae mbali na maji; balbu yenye joto ikipata tone hupasuka. Mkitumia pampu, iwe ya volti 12 ya betri, si ya umeme wa ukutani. Na fundi umeme aweke ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Mwalimu mkuu akisema ni ghali, msinyeshe.

Halafu kuna jambo la tamasha. Kwenye ukumbi wenu wa nyumbani mna jioni nzima ya kupiga deki. Kwenye tamasha, nyuma ya pazia shule inayofuata imeshajipanga, wana densi, wako peku. Wakiteleza kwenye mvua yenu? Kwa hiyo maji yabaki nyumbani. Mkienda tamashani chukueni mshipi, sanduku, bati, na wale watoto wawili wa kayamba.

Nimeleta masanduku mawili, yako pale mezani, moja lina choroko na moja lina mahindi. Njooni mbele mliinamishe. Polepole, mwalimu, polepole zaidi ya hapo.